Nilibonyeza N Nikimaanisha Ndiyo

Jumamosi, mwezi wa saba. Mandewa, Singida mjini. Upepo ulianza kabla jua halijatoka, na sasa ni saa kumi na mbili jioni bado haujachoka. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi.

Leo siko sawa. Siumwi. Nina wivu, na nimeona niuandike hapa kabla sijaanza kuuita jina lingine.

Wanaosoma blogu hii ni wachache na wengi hatujuani, ndiyo maana nina uso wa kusema. Majina nimebadilisha, langu na lake. Mimi ni Lina. Yeye ni Zaituni.

Tulisoma pamoja chuo Dodoma, tukakaa chumba kimoja miaka mitatu. Yeye kwao Itigi, mimi kwetu Ikungi, kwa hiyo kila likizo tulipanda basi moja mpaka Manyoni, tukanunua mahindi ya kuchoma, ndipo kila mtu akashika njia yake. Mwaka wa pili nilimwonyesha kitu nilichokuwa nakipenda. Kuna mfumo endeshi wa kompyuta ambao ni wa bure, unatengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na kila lugha ina kikundi chake kinachotafsiri maneno yanayotokea kwenye skrini. Fungua. Hifadhi. Futa. Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha Kiswahili. Nikamfundisha Zaituni jinsi ya kujiandikisha, nikamsahihishia kazi zake za mwanzo. Alikuwa anaandika "tafadhari".

Leo Zaituni ndiye mratibu wa kikundi hicho.

Niseme haki. Hakupata ajira tulipomaliza. Alirudi Itigi akafungua kibanda cha kutengeneza simu na kutoa kopi karibu na stesheni, na hapo hapo, kati ya mteja na mteja, akawa anatafsiri. Mimi nilipata ajira ya ualimu wa kompyuta sekondari hapa mjini, nikawa natafsiri nikikumbuka. Yeye alitafsiri kila siku. Hilo nalijua. Kulijua hakunisaidii.

Mwezi wa nne watengenezaji wa mfumo walimwalika kwenye mkutano wao nje ya nchi. Akapanda ndege. Akatuma picha kwenye kundi letu: hijabu ya kijani, kitambulisho shingoni, anacheka na watu ambao mimi nimeyasoma majina yao tangu chuo. Nilizipa picha zote alama ya moyo, halafu nikazima simu nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Aliporudi alibadilisha baadhi ya maneno. Pale ambapo mimi niliandika "Pandisha toleo", sasa pameandikwa "Boresha mfumo". Walipiga kura, wakakubaliana, hakuna aliyenionea. Lakini kila ninapoliona hilo neno ni kama mtu amekaa kwenye kiti changu.

Sasa niandike lile ambalo mpaka leo alasiri nilikuwa sijamwambia mtu.

Mwezi wa tano Zaituni alituma sehemu ya mwisho ya tafsiri akatuomba tuipitie kabla haijaingizwa kwenye mfumo. Niliifungua. Kulikuwa na sehemu programu inapomuuliza mtumiaji kama aendelee au asiendelee. Kwa Kiingereza unabonyeza Y kukubali na N kukataa. Zaituni alikuwa ametafsiri mpaka herufi: N kwa Ndiyo, H kwa Hapana. Ukisoma inapendeza. Tatizo ni kwamba programu yenyewe haikubadilishwa, bado ilikuwa inajua Y na N tu. Maana yake mtu wetu akibonyeza N kwa Ndiyo, kompyuta inasikia amekataa.

Niliona. Sikuhitaji hata kusoma mara mbili, niliona pale pale.

Nikaandika kwenye kundi: "Nimepitia yote, iko sawa."

Nilitaka aaibike. Sikutaka aumie sana, nilitaka aaibike kidogo tu, mbele ya wale wa kwenye picha. Nilijiambia kwamba hilo ni kosa dogo na kuna mtu mwingine ataliona. Hakuna aliyeliona.

Jana jioni Zaituni akatangaza kwamba toleo jipya linaloendelea kutengenezwa limewekwa hadharani, na kwa mara ya kwanza lina Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akatuma picha ya skrini imeandikwa "Karibu". Watu wakampongeza. Mwenzetu mmoja akaandika kwamba bila Zaituni Kiswahili kingekufa. Nilikuwa nakula, nikaacha chakula.

Asubuhi ya leo, saa moja, nikaamua kuliweka toleo hilo kwenye laptopu yangu. Nilijidanganya kwamba nataka kusaidia kulijaribu. Ukweli ni kwamba nilitaka kutafuta makosa, niyaorodheshe, niyatume kwenye kundi kabla ya saa sita. Sikutaka kosa moja. Nilitaka thelathini.

Kabla halijaanza kujiweka, likatoa onyo: usiweke toleo hili kwenye kompyuta unayoitegemea kwa kazi. Onyo hilo nililitafsiri mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Nikalikubali nikasonga mbele.

Na laptopu hiyo ndiyo ilikuwa na mitihani yote ya kidato cha nne inayoanza keshokutwa Jumatatu. Masomo tisa. Walimu wenzangu huandika maswali kwa mkono, mimi ndiye ninayechapa. Mkuu wa shule ni mkali kuhusu siri ya mtihani: ukishachapa, karatasi za mkono unachoma, na hataki nakala izunguke kwenye flashi. Nilikuwa nimechoma zote Ijumaa mchana nyuma ya maktaba. Hivyo mitihani ilikuwa sehemu moja tu duniani, na sehemu hiyo nilikuwa nimeanza kuivuruga kwa mikono yangu.

Kupakua kulikwenda vizuri. Kwa kawaida upepo ukiwa hivi mtandao unasumbua, lakini leo ulikuwa mzuri ajabu. Kisha ikaanza kubadilisha mafaili ya zamani kwa mapya. Asilimia ishirini. Arobaini. Hamsini na nane.

Hapo ikasimama.

Nilipika chai nikarudi, hamsini na nane. Nikafagia chumba, hamsini na nane. Nikaanza kuangalia kimoja kimoja kama ninavyowafundisha wanafunzi. Nafasi kwenye diski ilikuwepo ya kutosha. Mtandao ulikuwepo. Chaji ilikuwepo na umeme haukukatika. Kompyuta haikuwa na joto, feni ilikuwa inazunguka polepole kama mtu anayengoja kuitwa. Hilo ndilo lililonipa wazo. Kompyuta iliyokwama kwa kazi nzito huwa inapata joto. Hii haikuwa inafanya kazi yoyote. Ilikuwa inasubiri.

Chini ya dirisha kulikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha undani. Nikaubonyeza. Pakafunguka mistari mingi, na mwisho wake kulikuwa na swali lililokuwa limefichwa muda wote huo. Faili moja la mipangilio nililibadilisha zamani mwenyewe, na programu ilitaka kuliweka jipya. Ikauliza: unataka kuendelea?

N kwa Ndiyo. H kwa Hapana.

Nikashusha pumzi. Nikabonyeza N.

Nataka mtu anayesoma anielewe hapa. Nilikuwa nalijua lile kosa. Nililibeba moyoni miezi miwili. Lakini macho yalisoma Kiswahili na kidole kikafuata macho. Nilikumbuka baada ya kubonyeza, muda kama ule unapotambua umefunga mlango na ufunguo uko ndani.

Ikaandika: "Imesitishwa kwa ombi la mtumiaji." Dirisha likafungika. Alama za kwenye skrini zikatoweka moja moja. Nikaogopa, na kwa woga nikafanya kosa la pili, nikaizima nikaiwasha. Ikarudi na skrini nyeusi na kimstari kimoja kinapepesa juu kushoto. Hakuna kingine.

Wakati nakitazama kile kimstari, Mkuu wa shule akapiga simu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mwalimu. Mitihani iko tayari? Fundi wa mashine ya kurudufu anakuja kesho saa nane mchana."

"Iko tayari, Mkuu."

"Na zile karatasi za walimu ulichoma?"

"Nilichoma zote."

"Vizuri sana. Mwaka jana ilivuja kwa uzembe wa karatasi. Wewe nakuamini."

Akakata.

Halafu nikaanza kuhangaika. Nilitumia simu kutafuta maelezo. Niliweza kuifikia ile njia ya uokoaji, ambayo ni skrini ya maandishi matupu, unaandika amri kwa mkono. Nikaamuru imalizie ilipoachia. Ikakataa, ikasema kuna kazi nyingine imefunga kufuli, yaani kinga ya kuzuia kazi mbili zisigongane. Mtu mmoja mtandaoni alisema futa kufuli. Mwingine akasema ukifuta umepoteza kila kitu. Nikachomeka flashi yangu ya nyimbo za kwaya nitoe mitihani kwanza; taa ya flashi ikawaka lakini mfumo haukuiona, kwa sababu sehemu inayosoma flashi ilikuwa miongoni mwa zile zilizobaki nusu. Fundi ninayemjua mjini ana dawa moja kwa magonjwa yote: anafuta kila kitu anaweka upya.

Nilijua wa kumpigia tangu dakika ya kwanza. Ilinichukua saa mbili kukubali.

Mama Shabani, mwenye nyumba wangu, alipita dirishani na ungo wake. Leo alikuwa anapepeta mtama, upepo huu kwake ni baraka.

"Mbona hujatoka, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Kompyuta imeharibika."

"Si ukamwite anayejua?"

Alisema tu kama ambavyo angesema kuhusu bomba, akaendelea na safari yake. Lakini mimi ndiye ninayejua. Mtaa mzima huu, kitu cha kompyuta kikiharibika, huitwa mimi. Hilo ndilo lililokuwa linauma.

Saa sita na nusu nikampigia Zaituni.

Alipokea kabla haijaita mara ya pili. "Lina. Umepotea wewe, mzima?"

"Mzima. Za Itigi?"

"Njema, ila ongea kwa nguvu, kuna treni ya mizigo inapita."

Nikamweleza. Nilitegemea aniulize kwa nini niliweka toleo la majaribio kwenye kompyuta yenye mitihani. Mimi ningeuliza. Ningeuliza kwa sauti ile ya mwalimu. Yeye nilimsikia anamwambia mteja asubiri, kisha akasema, "Piga picha skrini yako, nitumie. Usiguse kitu mpaka nione."

Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Alinisomea amri herufi kwa herufi, pamoja na nafasi na vistari, na kila nilipoandika nilimsomea jibu. Alinionyesha namna ya kuhakikisha hakuna kazi yoyote inayoendelea kabla ya kuliondoa kufuli. Nikaliondoa, na hakuna kibaya kilichotokea. Sauti yake ilikuwa ile ile ya chuoni, ya usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu, mimi nikimwelekeza na yeye akirudia polepole ili asikose. Nilikumbuka hilo na nilichukia kulikumbuka.

"Sawa," akasema. "Sasa tunaiambia imalizie. Ila Lina, sikufichi. Ikikatika tena hapa katikati, mafaili yako siwezi kuyaahidi."

"Nimekuelewa."

"Itakuuliza kama unataka kuendelea. Bonyeza N ya Ndiyo, halafu kitufe cha Ingiza."

Nikaandika amri. Mistari ikaanza kushuka, mingi, ya haraka, kisha ikasimama. Swali likatokea. N kwa Ndiyo. H kwa Hapana.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika."

"Bonyeza basi. Na ikikubali uniambie vizuri ilivyoonekana, maana Jumatatu watengenezaji wanafunga, hakuna kubadilisha neno tena mpaka toleo litoke kwa watu."

Hapa ndipo nilipokuwa na njia nyingine, na niiandike ijulikane kwamba niliiona. Ningeweza kubonyeza Y kimya kimya. Mitihani ingepona. Ningemwambia "imekubali, asante sana", naye angefika Jumatatu akiwa na amani, na toleo lingetoka, na kila Mswahili atakayeboresha mfumo angekatikia katikati kama mimi, na jina lililo juu ya kazi hiyo ni lake. Sikuhitaji kufanya chochote. Nilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza nilishakuzoea.

Kidole kilikuwa juu ya Y.

"Lina? Upo?"

"Zai," nikasema, "N hapa inasomeka kama hapana."

"Unasema?"

"Programu haijui herufi zetu. Inajua Y na N za Kiingereza. Ukibonyeza N inasitisha."

"Umejuaje?"

"Asubuhi nilibonyeza N. Ndipo ikakatika."

Kila neno hapo lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Nikabonyeza Y. Mistari ikaendelea kushuka. Tulikuwa wawili tunasikiliza kompyuta moja. Ilipomaliza nikaizima na kuiwasha kwa amri yake, na ikaja. Rangi, alama, "Karibu". Nikafungua folda ya mitihani. Tisa. Nikafungua moja moja mpaka ya mwisho, Uraia, na swali la kumi lilikuwepo na mchoro wake.

"Ipo," nikasema. "Yote ipo."

"Alhamdulillahi." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Lina, unajua umeniokoa? Lingetoka hivi hivi. Nimepitisha macho mara tatu, kosa sikuliona. Na ninyi wote hamkuliona."

Sisi wote.

"Ngoja nilirekebishe sasa hivi," akasema, na akakata.

Saa nane hivi ujumbe ukaingia kwenye kundi. Zaituni alikuwa amerekebisha zile herufi na kuwaandikia watengenezaji, na kwenye maelezo ya marekebisho ameweka mstari unaoonekana na dunia nzima: "kosa limegunduliwa na", kisha jina langu lote, la kwangu na la baba. Mratibu wa mfumo wenyewe, mmoja wa wale wa kwenye picha, akajibu kwa Kiingereza kwamba ni ugunduzi mzuri sana, ungesumbua watu wengi.

Naomba nisidanganye. Nilifurahi. Nilisoma ule mstari mara nne. Nikaupiga picha. Miaka yote hii nimetaka jina langu liwe mahali pale, na sasa lilikuwepo, na kwa muda wa kama dakika kumi sikuwa na wivu na mtu yeyote.

Kisha nikapandisha juu kwenye mazungumzo ya kundi, sijui natafuta nini, nikafika mwezi wa tano. "Nimepitia yote, iko sawa." Jina langu lile lile.

Nilitoka nje kwa sababu ndani palikuwa pananibana. Mama Shabani akanipa ungo nimsaidie. Nikapepeta. Makapi yalikuwa yanakwenda mbali, mpaka kwenye ua wa jirani.

"Polepole," akaniambia. "Unapepeta kama unagombana na mtu. Unamwaga na mtama."

Nikaomba radhi nikaokota punje. Tukafanya kazi bila kuongea, yeye akiimba kidogo kwa Kinyaturu. Nilipokuwa naokota nilijua nitampigia Zaituni. Sikuwa na uchungu mkubwa wala machozi. Nilichoka tu kuwa mtu pekee anayejua.

Saa kumi nikampigia tena.

"Imesumbua tena?" akauliza.

"Hapana, ni nzima. Zai, lile kosa nililiona mwezi wa tano."

Nyuma yake nilisikia mashine ya kopi ikitoa karatasi, moja, nyingine, nyingine.

"Uliliona."

"Uliponitumia nipitie. Niliona nikaandika iko sawa."

"Ulisahau kuniambia?"

Alinipa mlango wa kutokea. Nadhani alifanya makusudi.

"Sikusahau."

Mashine ikaendelea. Alipoongea hakupandisha sauti. "Nilikukosea nini, Lina?"

"Hujanikosea. Ulikwenda. Mimi nikabaki."

"Nilikwenda kwa sababu ulinionyesha wewe," akasema. "Nilisema pale mkutanoni, mbele ya watu wote, kwamba kuna rafiki yangu wa Singida ndiye aliyenifundisha. Video ipo. Nilikutumia kiungo. Hukuangalia?"

Sikuangalia. Alitutumia viungo vingi wiki ile na mimi sikufungua hata kimoja.

Hakunisubiri nijibu. "Mitihani umeiweka mahali pengine pia?"

"Nimeiweka."

"Vizuri. Ngoja nimhudumie huyu mama, ana safari." Akakata simu kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Niliangalia video. Ni ndefu, yeye anaongea mwishoni. Kiingereza chake ni cha kwetu, cha kutafuta neno. Anasema jina langu. Analitamka vizuri, halafu analirudia ili wageni walisikie.

Saa kumi na moja na nusu akanitumia ujumbe. Nauandika hapa kama ulivyo, kwa sababu nitataka kuukumbuka bila kuupamba:

"Jina lako nimeliacha, maana kosa hilo ni kweli uliligundua wewe, tarehe tu ndiyo tofauti. Sitawaambia wengine. Lakini kazi zangu kuanzia leo nitampa mtu mwingine azipitie. Ukipata shida ya kompyuta nipigie kama kawaida."

Nimejibu, "Nimekubali. Nisamehe." Ameusoma.

Nilitegemea kwamba nikishasema ukweli wivu utaondoka. Haukuondoka. Bado namwonea wivu Zaituni, na leo namwonea kwa kitu kipya. Ingekuwa mimi ndiye nimefanyiwa hivi, jina lake lingekuwa limefutwa kabla ya magharibi, na kundi zima lingejua sababu. Yeye alipima, akachukua alichopaswa kuchukua, akaniachia kilichobaki. Huo moyo sina. Sijui unajifunzwa au mtu anazaliwa nao, na sijui nimuulize nani, maana ambaye ningemuuliza ni yeye.

Nimefuta ile picha niliyopiga ya ule mstari wenye jina langu. Mstari wenyewe siwezi kuufuta, si wangu kuufuta.

Jumapili nitakwenda ibada ya kwanza, kisha shuleni kumsubiri fundi wa mashine. Nitamweleza Mkuu kwamba mitihani ilikaribia kupotea na kwamba tunahitaji nakala ya pili iliyofungwa kwa nenosiri, hata kama hapendi. Atauliza ilitokeaje. Nitamwambia.

Zaituni sitampigia. Nitamwacha apumue. Asiponitafuta wiki inayokuja, nitapanda gari mpaka Itigi Jumamosi ijayo nikae kwenye benchi la wateja mbele ya kibanda chake, nisubiri zamu yangu kama watu wengine.